Kozi ya Kihispania ya jioni hapa Arusha: imperfecto imeiva, vosotros bado mbichi

Juzi Ijumaa nimemaliza kozi ya Kihispania ya wiki nane hapa Arusha, ile ya jioni saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu, siku tatu kwa wiki, na kwa vile mimi kabla ya kulipa nilizunguka kuuliza watu nikaambulia "iko poa tu, nenda", nimeona niandike kwa kirefu ili mwenzangu asitoe hela akiwa gizani kama mi. Jina la kituo sitaji maana nina malalamiko na mwalimu mwenyewe nampenda, sitaki kumharibia.

Mi ni dereva mwongozaji, napiga Tarangire, Manyara, Kreta ya Ngorongoro, Serengeti, miaka tisa sasa. Kiingereza kinanitosha. Ila mwezi wa nane Wahispania wakifunga kazi zao wote wanashuka huku kwa mkupuo, ofisi ikiuliza nani anaongea Kihispania mikono inayonyooka ni miwili mitatu, na hao ndo wanapangiwa safari za siku nane wakati sie wengine tunabaki na za kwenda na kurudi. Nikajifundisha mwenyewe kwa simu. Nikajua wanyama wote, nikajua mira, vamos, cuidado, yaani tazama, twende, angalia usiumie, nikaweza kusema simba analala na twiga anakula, na hapo nikajiona nimefika.

Tatizo watalii hawataki kuambiwa simba analala, hilo wanaliona. Wanataka stori, na stori zote ziko zamani.

Siku moja tumekaa ukingoni pale Ngorongoro tunakula lanchi boksi, mama mmoja mtu mzima kutoka Zaragoza akaniuliza utoto wangu ulikuwaje. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa "de niño comí plátanos." Akaniangalia, akasubiri. Anasubiri nimalizie, maana kwa masikio yake nimesema nilipokuwa mtoto nilikula ndizi, siku moja hivi, sasa ikawaje? Zilikuwa na sumu? Mi nilitaka kusema ndizi ndo kilikuwa chakula chetu kila siku, Mchagga mimi jamani. Kutaka kurekebisha nikaingia kwa babu, nikamwambia "mi abuelo moría en 1998." Yule mama akaweka mkono kifuani akauliza kwa upole "¿y se salvó?", yaani je, alipona? Babu yangu tulimzika mwaka huohuo wa 98! Kumbe nimesema babu alikuwa anakufa kufa, yupo kwenye harakati za kufa, na mtu anataka kujua mwisho wake. Jioni ile ile nikaanza kutafuta darasa.

Sasa twende kwenye kozi. Laki mbili na nusu, unalipa nusu mwanzo, nusu wiki ya nne. Tulikuwa kumi na moja, wengi watu wa utalii, wapishi wa kambi wawili, wapagazi, na mama mmoja mwenye duka la vinyago ambaye wote tulimwita Mama tu mpaka mwisho. Mwalimu ni mzee mmoja ana mvi, Kihispania alikisomea Cuba ujanani, anatuita wanangu. Wiki nne za kwanza sina la kuzisifia wala kuziponda, ni salamu, namba, kujitambulisha, wakati uliopo, vitu unavyovipata hata bure. Wiki ya tano na ya sita ndo zimebeba pesa yangu yote, na ndo maana nyota nampa tatu na nusu, zingekuwa mbili.

Jumatatu ile ya kuanza imperfecto, yaani wakati uliopita wa kitu kilichokuwa kinaendelea, mzee hakufungua notsi. Aliandika ubaoni trabajar, akachukua dasta akafuta ile ar ya mwisho, akabandika aba. Trabajaba. Akasema, "Semeni nilikuwa nafanya kazi." Tukasema. "Haya, mmeshamaliza." Akaandika comer, akafuta er, akabandika ía, comía, nilikuwa nakula. Akaandika vivir, akafuta ir, akabandika ía ileile, vivía, nilikuwa naishi. Yaani familia ni mbili tu, za ar zinakula aba, za er na za ir zinagawana ía kama ndugu wa chungu kimoja. Halafu unabadilisha mkia kwa mtu, tuchukue hablar, kuongea: hablaba mimi, hablabas wewe, hablaba yeye, hablábamos sisi, hablaban wao. Comía, comías, comía, comíamos, comían. Mtaona mimi na yeye wamefanana, hapo lazima uweke yo au él mbele pale ambapo mtu anaweza kuchanganya, maana Kihispania hakina ni na a ya mwanzoni kama sisi, kinajulikana mtu kwa mkia, na mkia ukifanana umeliwa.

Kilichonifungua akili ni hiki: mimi nilikuwa nayo tayari. Sie tunatofautisha nilikula na nilikuwa nakula tangu tumezaliwa. Nilikula ni comí, limepita limefungwa. Nilikuwa nakula ni comía, mlango uko wazi, huoni mwanzo wala mwisho. Hata ile ka yetu ya kusimulia, akaja, akaona, akaondoka, hiyo yote inaenda kule kwenye wakati wa kufunga, llegó, vio, se fue. Ukisimulia windo ni hivyohivyo, chui alikuwa amelala mtini na swala walikuwa wanakula chini, hiyo imperfecto, dormía, comían, ni mandhari, halafu ghafla akaruka, saltó. Miaka miwili kwenye simu nilikuwa najifunza kwa Kiingereza na nilikuwa sielewi, maana Kiingereza mara nyingi kinasema wakati uliopita mmoja tu na kukuachia ubahatishe mwenyewe. Nilikuwa naingia chumbani kwangu kwa kupitia dirisha la jirani.

Kitu cha pili ambacho sijawahi kukisikia popote ni mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, nyu-MBA-ni, hatufikirii, unakuja wenyewe. Imperfecto karibu yote inafuata hiyohiyo, ha-BLA-ba, co-MÍ-a, vi-VÍ-an, ndo maana Mswahili akiisema inatoka tamu bila jasho. Sisi tu, nosotros, ndo anatoka njiani. Wote darasani tulisema hablaBÁmos na mzee akawa anakunja uso kama kalamba ndimu. Akaandika ubaoni barabara, akauliza, hili neno linasomwaje? Tukasema barabára. Akasema hiyo ya magari, na ile ya mambo yako sawasawa? Barábara. "Haya, sisi tuko barábara. Hablábamos." Ba-RÁ-ba-ra, ha-BLÁ-ba-mos, mdundo mmoja! Mpaka leo nikiwa naendesha nasema kimoyomoyo barábara, hablábamos, barábara, trabajábamos, na ile alama ya juu ya a sijaisahau tena kuiandika. Kwa dakika hizo kumi peke yake ningelipa elfu hamsini.

Na b yenyewe alitukomalia. Sie b yetu tunaibana midomo kabisa, ya kwao katikati ya irabu midomo inakaribiana tu haigusani, hewa inapita, kwa hiyo aba inasikika kama kitu kati ya ava na awa. Ndo maana wengi tulikuwa tunaandika hablava. Inaandikwa kwa b, siku zote.

Halafu kuna habari njema ambayo walimu wanaificha sijui kwa nini. Wale vichwa ngumu wa wakati uliopo, tener inayogeuka tengo na tienes, poder inayogeuka puedo, querer, dormir, hacer, decir, wote wakifika imperfecto wanatulia kama watoto mbele ya babu. Tenía, podía, quería, dormía, hacía, decía. Futa, bandika, basi. Wakaidi waliobaki ni watatu tu kwenye lugha nzima: ser (kuwa) inakuwa era, ir (kwenda) inakuwa iba, na ver (kuona) ambayo kwanza si mkaidi sana, imeng'ang'ania e yake tu, veía. Mzee alisema hivi, "Wanangu, wakati gani mwingine mtapata wakaidi watatu?" Na kweli, ule wakati wa kufunga, comí na hablé, ukizigusa tu nyuma yake kuna tuve, pude, hice, dije, fui, shamba zima la miiba.

Nyingine ya kazi yangu moja kwa moja: kulikuwa na. Había. Kuna tembo mmoja había, kuna tembo hamsini había, haibadiliki. Nilikuwa nasema habían muchos elefantes kwa sababu tembo ni wengi, na ni kweli utawasikia hata wenye lugha wengi wakisema hivyo, ila kwenye Kihispania sanifu inabaki había. Mama wa vinyago akadakia, "Si kama kulikuwa na? Nani anasema walikuwa na tembo wengi mbugani?" Darasa likacheka ila alimaliza mjadala.

Na adabu! Hii nimeitumia wiki hiyohiyo. Wewe ukiingia ofisi ya watu husemi nataka kuonana na bosi, unasema samahani, nilikuwa naomba kuonana na bosi. Unaomba sasa hivi ila unairudisha nyuma ili isimkwaruze mtu. Wahispania vilevile, quería un café, nilikuwa naomba kahawa, quería preguntarle una cosa, nilikuwa naomba kukuuliza kitu. Quiero ni kavu kidogo. Nilikuwa napokea wageni uwanja wa KIA nawaambia quiero sus pasaportes kama askari wa mpakani.

Ila sasa msije mkadhani Kiswahili kinabeba kila kitu, hapo ndo mzee alitubana na mimi nikaanguka jaribio la wiki ya sita, kumi na moja kwa ishirini. Mtego wa kwanza, sisi tunaweza kusema utotoni tulikula ndizi kila siku, tumetumia li ya kawaida na hakuna anayeshtuka, neno kila siku limebeba kazi. Kihispania hakikubali, mazoea ni imperfecto, todos los días comíamos plátanos, ndo kosa langu la Ngorongoro hilohilo. Mtego wa pili ni kinyume chake. Mimi nasema nilikuwa naishi Tanga miaka mitano, kwa hiyo nikaandika vivía cinco años en Tanga, kalamu nyekundu ikapita. Ukishataja muda wenye kuta pande zote mbili, miaka mitano, siku tatu, kitu kimefungwa, ni viví cinco años en Tanga. Lakini ukisema nilipokuwa naishi Tanga nilikuwa naendesha lori, hapo ndo cuando vivía en Tanga conducía un camión. Huu mtego wa pili bado unanikamata, sijifichi.

Na kuna ile tuliyofundishwa na apu kwamba ukiona ayer, jana, basi funga macho weka ya kufunga. Uongo. Ayer a las seis llovía, jana saa kumi na mbili mvua ilikuwa inanyesha, ni sahihi kabisa, unasema ulichokikuta. Ayer llovió, jana ilinyesha, unasema kilichotokea. Yote jana. Hata saa na umri vinaenda na imperfecto, eran las seis, tenía diez años, maana ni hali uliyoikuta, haikutokea ikaisha.

Kazi ya nyumbani ilikuwa voisi ya wasapu. Kila usiku dakika moja, kumbukumbu ya utotoni, unatuma kwenye grupu na kila mtu anasikiliza. Mwanzoni tuliona aibu. Voisi ya Mama ndo ilibadilisha mambo, alisema polepole na nyuma yake unasikia sufuria: mi madre vendía tomates en el mercado de Kilombero, yo dormía debajo de la mesa, cuando llovía contábamos el dinero en casa. Mama yangu alikuwa anauza nyanya soko la Kilombero, mi nilikuwa nalala chini ya meza, mvua ikinyesha tulikuwa tunahesabia hela nyumbani. Vitenzi vinne, vyote vya kawaida, hata kosa moja hakuna, na grupu ilikaa kimya mpaka asubuhi hakuna aliyetuma yake. Baada ya hapo watu walianza kutuma dakika tatu tatu.

Sasa malalamiko. Notsi ni fotokopi za Kiingereza, zimefifia mpaka alama za mkazo hazionekani, na kwenye ía yote ile alama ndo roho yake, unasoma comia unabaki hujui. Mzee anafundisha kwa Kiswahili kizuri namna ile halafu akikupa karatasi unarudi kulekule kwa jirani dirishani. Kwa nini asiandike yake? Nilimuuliza, akasema muda. Umeme ulikatika mara tano kwa wiki nane na jenereta hamna, tulisoma kwa tochi za simu, ya kwanza ilikuwa raha, ya tano si raha. Na wakisema saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili na robo.

Kubwa zaidi ni hili la Cuba. Kule, kama Karibea yote na hata kusini mwa Uhispania, s ya mwisho wa neno inapulizwa au inamezwa. Mzee anaongea hivyohivyo, ni tamu kusikiliza, ila kwenye imperfecto ni balaa kwa mwanafunzi, kwa sababu hablaba ni mimi, ni yeye, na tú hablabas ukimeza s inakuwa hablaba pia. Watu watatu neno moja! Wenyewe wanaokoa kwa kutaja tú na yo mara kwa mara, ukimsikiliza mzee kila sentensi ina tú. Hakutuambia hilo. Wiki tatu nilikuwa naandika tú trabajaba nikidhani ndo ilivyo.

Na vosotros, yaani nyinyi, hakuifundisha kabisa. Alisema ni ya Uhispania tu, Amerika yote wanatumia ustedes, ambayo mkia wake ni uleule wa wao, kwa hiyo msijisumbue. Ni kweli Amerika wanatumia ustedes. Lakini mzee wangu, wageni wa Arusha wanatoka wapi? Wiki ya saba nikapata safari ya siku nne, familia kutoka Valencia, nimejaa imperfecto mpaka masikioni. Tupo njiani kati ya Naabi na Seronera, baba wa familia ananiuliza mimi na mpishi wangu, "Y vosotros, ¿trabajabais juntos antes?" Trabaja... bais? Nikahisi ni mji. Nikamjibu sijawahi kufika. Kimya kwenye gari, mtoto wa nyuma ndo akacheka, akanirudia taratibu, nikamwona baba yake anamkanyaga mguu. Alikuwa anauliza tu kama nyie wawili mlikuwa mnafanya kazi pamoja zamani. Siku nzima ile mikia ya bais na íais ilikuwa inanipita kichwani kama ndege, ¿qué comíais?, ¿dónde dormíais?, nashika mzizi naangusha mkia.

Ila niseme na ile ya usiku wake kambini. Moto umewashwa, wakaniuliza mambo ya kwetu, nikasimulia bibi alivyokuwa anatuamsha, alivyokuwa anapika, sisi tulivyokuwa tunachota maji kabla ya shule, nos despertaba, cocinaba, sacábamos agua, na nikamaliza na babu, mi abuelo murió en 1998. Murió. Hakuna aliyeuliza kama alipona. Mama wa familia alisema lo siento, yaani pole, tukaendelea na supu.

Niliporudi darasani nilienda na hasira zangu za trabajabais. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, nilikuwa nauliza, vosotros tunailipia kozi nyingine au?" Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniomba risiti yangu ya malipo, akaigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu mistari mitatu, hablabais, comíais, vivíais, akanirudishia. Nimeibandika kwenye dashibodi chini ya kioo. Awamu mpya inaanza tarehe moja mwezi ujao, bei wamesema haijapanda, na ukienda kaa safu ya mbele upande wa dirisha, nyuma taa imeungua na sidhani kama wataibadilisha.